Tiketi ya Mwenyeji

Kijana wa langoni ana kitabu cha risiti,
kalamu kaifunga uzi isiibwe.
"Mwenyeji au mgeni?" Hainui macho.
Ubaoni bei ni mbili, yetu na yao.
Nimetoka Malindi alfajiri, vumbi la Marafa
limenivika kanzu nyekundu juu ya gauni,
na miguuni nina buti za kupandia
nilizoazima kwa jirani, zimenizidi kidole.
"Mwenyeji," nasema, na neno linajikwaa.
Anazitazama buti.
Ananikatia ya mwenyeji, kama anayesamehe deni.

Wa kunishusha ni Jefwa, miaka kumi na tisa,
ana Kiitaliano cha kutosha kuuza maji
na kumzuia mzee wa watu asipige picha ukingoni.
Mimi ananisemesha Kigiriama, polepole,
kunipima.

Kisha ardhi inakatika.
Hakuna onyo: kichaka, kichaka, halafu hakuna.
Chini, minara ya mchanga ulioshikana kwa mazoea tu,
wekundu wa ngeu, weupe wa unga wa muhogo,
waridi hafifu kama ufizi wa mtoto.
Tunashuka kwa visigino.
Ukishika ukuta, ukuta unakuja na mkono.

"Walikuwa matajiri," Jefwa anaanza,
"ng'ombe hawahesabiki, wakaoga maziwa,
Mungu akakasirika, wakadidimia.
Weupe ule ni maziwa. Wekundu, damu."
Anaisema vizuri, anajua pa kunyamaza.
Naitikia, ee, kumbe.
Simwambii kuwa kwetu palikuwa na mbuzi wanne,
hatukuoga maziwa wala hatukuyanywa kila siku,
na tulididimia vilevile.

Mwaka wa Elnino jiko la mama lilikwenda usiku.
Halikuanguka, alisema Nyevu binti Mwaringa,
liliketi. Kama mtu aliyechoka.
Likaenda na mafiga matatu, mwiko,
na sufuria ya mchicha wa kesho.
Baba akataka tuhame siku ile ile.
Mama akahamisha mlango, upande wa pili,
akapika uani miaka mitatu zaidi
huku shimo likisogea kama mgeni asiyebisha hodi.
Wazungu wanapaita jiko la shetani.
Mama alipolisikia jina hilo alicheka hadi akakohoa:
"Shetani gani? Kuni nilikata mimi."

Huku chini joto limesimama wima.
Jefwa ananionyesha kwato za digidigi,
ndogo, mbili mbili, kama koma
zilizosahauliwa na sentensi yake.
Ukuta umetobolewa matundu, ni ya keremkerem;
mmoja anatoka, kijani, nyuki mdomoni,
anambamiza kwenye tawi mara nne, anameza.
Juu ya mnara nyani jike anamkuna mwanawe
na kutuangalia kwa dharau ya mwenye nyumba.
Yeye hakuulizwa tiketi.

Mimi natafuta jiwe.
Hapa hakuna jiwe, vyote ni mchanga ulioiga jiwe,
kwa hiyo figa moja jeusi lingeonekana,
lingekaa kama jino bovu.
Natafuta kwenye mkondo mkavu, chini ya mikwamba,
buti zikijaa mchanga.
"Umepoteza kitu, mama?"
"La. Naangalia tu."
Anaona. Haulizi tena,
ila naye anaanza kutembea akiinama.

Hatukulipata.
Mvua huvuta vitu, Jefwa anasema, hadi mtoni,
na mto ukishika kitu haukiandikii risiti.

Tukapanda, magoti yakinisomea umri.
Langoni kuna daftari la wageni:
Jina. Utokako. Maoni.
Nikaandika jina langu lote, na la mama.
Kwenye maoni: *Mlango wa jikoni ulitazama mashariki.*
Kwenye utokako nikasita,
nikaandika: *Hapo chini.*

Yule kijana akaligeuza daftari, akasoma,
akanirudishia kalamu yenye uzi.
"Wote wakija hapa hutoka chini, mama.
Andika mji."